Tanga 1914 na Historia Mbadala: Mtazamo kutoka Morogoro

Makala haya yanahoji iwapo ushindi wa Waingereza mjini Tanga, Novemba 1914, ungaliiepusha milima ya Uluguru na vita vya mwaka 1916.

Uvamizi wa baharini unaposhindwa, sifa mara nyingi hupewa nguvu za asili. Kushindwa kwa Wamongolia nchini Japani, mwaka 1274 na 1281, huelezwa kwa dhoruba. Kushindwa kwa Waingereza Tanga huelezwa kwa nyuki waliowavamia askari tarehe 4 Novemba. Hata hivyo, mwaka 1281 Wamongolia walikabiliana pia na ukuta wa mawe uliojengwa kwenye ghuba ya Hakata kuanzia 1276. Tanga nayo ilikuwa na reli. Tarehe 2 Novemba manowari Fox ilitoa onyo kabla ya jeshi kushuka, na Lettow-Vorbeck akapata muda wa kuleta vikosi kwa treni kutoka upande wa Moshi. Watetezi wapatao 1,000 waliwarudisha baharini wavamizi wapatao 8,000.

Tuchukulie kwamba onyo halikutolewa, na jeshi likashuka siku hiyohiyo mji ukiwa na ulinzi mdogo. Yamkini Tanga ingalianguka. Wajerumani wangalikosa bunduki 16 za rashasha na risasi zipatazo 600,000 walizoteka, hivyo uwezo wao wa kurefusha vita ungalipungua. Lakini reli ya kati, iliyokwisha kufika Kigoma, ingalibaki mikononi mwao, na Morogoro ilikuwa kituo chake muhimu. Kwa hiyo, kuanguka kwa Tanga kungaliweza kufupisha vita, au kuvileta Uluguru mapema zaidi.

Katika historia iliyotokea, Waingereza waliingia Morogoro tarehe 26 Agosti 1916, nao Wajerumani wakarudi nyuma kupitia Uluguru hadi Kisaki. Mizigo ya majeshi yote mawili ilibebwa na wapagazi Waafrika, na chakula kilichukuliwa vijijini.

Hoja ya makala haya ni kwamba historia mbadala ya vita vya kikoloni haikamiliki kwa kubadilisha jina la mshindi. Kwa wenyeji wa Uluguru na wa tambarare ilipo kata ya Mafiga leo, mtawala angalibadilika, lakini mzigo ungalibaki kichwani mwa mtu yuleyule. Kipimo cha kila dhana mbadala, basi, kiwe hali ya huyo mpagazi.