Mkono Uliofunzwa Kungoja

Kumlisha mtoto mdogo hudhaniwa kuwa kazi isiyohitaji chuo. Walakini historia ya watabibu wa matatizo ya ulaji yaonyesha ya kuwa kazi hiyo ilibidi ifundishwe, na ya kuwa somo lake la awali lilikuwa kujizuia.

Mwaka 1926 Clara Davis, daktari wa watoto wa Marekani, alianza kuchunguza ulaji wa watoto walioachishwa ziwa karibuni. Taarifa yake ya mwaka 1939, juu ya uchunguzi uliofanyika Chicago, yataja watoto 15 na vyakula 34. Wauguzi waliagizwa kuketi kimya, kijiko mkononi, pasipo kumshawishi mtoto. Alipokinyoshea chakula mkono ndipo muuguzi alipochota. Alipofumbua kinywa ndipo alipolishwa. Aliyekula hakusifiwa, wala aliyekataa hakulaumiwa. Watoto wakastawi. Davis mwenyewe alikiri ya kuwa siri ilikuwamo pia katika vyakula vyenyewe, kwani vyote vilikuwa vya asili, visivyotiwa sukari.

Lakini somo hilo humtosha mtoto mwenye koo zima. Yuko mtoto akataaye chakula kwa sababu kumeza humwumiza; yuko na yule ambaye chakula humpenya njia ya pumzi asikohoe hata kidogo. Kwao subira peke yake si dawa.

Watabibu wa usemi, ambao chama chao nchini Marekani kiliasisiwa mwaka 1925, walisomea midomo na ulimi kwa ajili ya maneno. Na viungo hivyo hivyo ndivyo vitafunavyo na kumeza. Mwaka 1983 Jeri Logemann, wa Chuo Kikuu cha Northwestern, alitoa kitabu juu ya matatizo ya kumeza, akieleza namna ya kulitazama kwa eksirei tonge lenye bariamu likishuka kooni. Mwaka 1993 Joan Arvedson, tabibu wa usemi, na Linda Brodsky, daktari wa masikio, pua na koo, walitoa kitabu juu ya ulaji na umezaji wa watoto. Ushirika wao wenyewe ulikuwa funzo: maradhi haya hayaelekei kutibiwa na fani moja.

Basi elimu ya tabibu huyu hutaka mambo mawili: jicho litafutalo sababu iliyofichika, na mkono ujuao kungoja. Jicho likikosa mkono huo, mtoto hupimwa sana na bado hukiogopa kijiko. Mkono ukikosa jicho hilo, mtoto hungojwa hali anaangamia.