Mtoto wa Kiislamu Katika Hadithi za Sikukuu

Makala haya yanakusudia kuchunguza nafasi aliyopewa mtoto wa Kiislamu katika maandishi ya Kiswahili yahusuyo sikukuu. Jambo hili laweza kudhaniwa kuwa dogo, lakini lugha yenyewe yaikanusha dhana hiyo. Miezi ya Waswahili huhesabiwa tangu saumu inapofunguliwa: Idi ndogo huwa tarehe 1 ya Mfunguo Mosi, Idi kubwa tarehe 10 ya Mfunguo Tatu, na Maulidi tarehe 12 ya Mfunguo Sita. Sikukuu, basi, ndiyo iliyozaa hesabu ya miezi.

Hata hivyo, vitabu vya mwanzo vilivyopigwa chapa havikumlenga mtoto huyo. Hadithi za Unguja alizozitoa Edward Steere mjini London mwaka 1870 ziliambatana na tafsiri ya Kiingereza. Maelezo ya desturi ambayo sehemu yake kubwa yaliandikwa na Mtoro bin Mwinyi Bakari, na kutolewa na Carl Velten huko Göttingen mwaka 1903, yalikusudiwa wasomaji wa Ulaya. Mwandishi alikuwa mwenyeji. Msomaji alikuwa mgeni, na kwa hiyo kila jambo lilihitaji kuelezwa.

Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930 ilisanifisha Kiswahili kwa msingi wa Kiunguja, wakati shule nyingi zilikuwa mikononi mwa wamisionari. Lahaja ya mji wa Kiislamu ikaingia darasani. Idi yake ikabaki nyumbani na chuoni. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyeanzisha gazeti la Al-Islah mjini Mombasa mwaka 1932, aliliona pengo hilo, akawaandikia watoto vitabu vya dini. Lakini mafunzo si hadithi. Mafunzo humwambia mtoto jinsi ya kuisali sala ya Idi; hadithi humwonyesha akingoja mwezi uandame, au akigombana na nduguye kwa ajili ya fedha za mkono wa Idi.

Hapa ndipo penye kipimo. Hadithi isemayo kwamba Waislamu siku hiyo huvaa nguo mpya na kula vyakula vitamu imemfanya mtoto kuwa mgeni katika lugha ya mama yake. Ni maelezo yale yale ya mwaka 1903, ila msomaji amebadilika.

Huenda ikajibiwa kwamba mtoto wa Nyeri au Kisumu hawezi kuelewa asipoelezwa. Hoja hii ina uzito, lakini haitoshi. Hadithi ya Krismasi haianzi kwa kueleza Wakristo ni nani. Mtoto wa Lamu huielewa kwa kufuata matendo yaliyomo. Isitoshe, sala, malaika na dhambi ni maneno ya asili ya Kiarabu ambayo Wakristo wameyatumia bila kuhitaji mkalimani. Hata mtoto wa Nyeri atajapo Jumamosi, amekwisha kuhesabu kutoka Ijumaa.

Yafaa, basi, waandishi na wahakiki wetu waulize kwanza swali moja: katika hadithi hii, mtoto anasherehekea, au anaelezwa?