Kwa nini kristali ya 7.3728? Historia fupi ya biti ya kuanzia

Leo tuguse historia kidogo, maana kuna hitilafu moja ya kompyuta ambayo bila historia haieleweki.

Kijana mmoja hapa Ganze amejiundia kompyuta ya chipu ya Z80. Herufi zikitoka kwenye siriali yake zinafika kwenye laptopu zikiwa takataka. Lakini akiunganisha waya wake wa kutuma na ule wa kupokea, herufi zinamrudia safi kabisa. Akaamua kwamba adapta ya USB imekufa, akawa tayari kumaliza akiba yake kununua nyingine. Nikamwambia asubiri.

Mawasiliano ya siriali ni ishara kufuatana moja moja kwenye waya. Pwani yetu iliyajua zamani: kebo ya telegrafu ilifika Zanzibar mwaka 1879, na Mombasa mwaka 1890. Wakati ule mpokeaji alikuwa binadamu. Mtumaji akipunguza mwendo, karani naye alimfuata.

Mashine haina huruma hiyo. Mfaransa Émile Baudot, ambaye jina lake limetupa kipimo cha baud, alisajili mtambo wake mwaka 1874. Kila herufi ilikuwa na biti 5, na karani alilazimika kubonyeza kwa mapigo ya mtambo, kama mpiga ngoma. Mwanzoni mwa karne ya 20, kina Krum wa Chicago, baba na mwana, wakaleta dawa: kila herufi itanguliwe na biti ya kuanzia na kufungwa na biti ya kusimama. Hapo saa za pande mbili zinahitaji kupatana kwa muda wa herufi moja tu, kisha zinaanza upya.

Mwendo wa 75 wa teleprinta ukazidishwa mara mbili tena na tena hadi 38400. Hiyo mara 3 ni 115200. Chipu ya MC6850 inaweza kugawa saa yake kwa 64, na 7.3728 MHz ikigawanywa hivyo inatoa 115200 kamili.

Tukaisoma kristali ya kijana: 8.000. Duka lilimpelekea isiyo yake. 8 MHz kwa 64 ni 125000, yaani imezidi kwa asilimia 8.5. Biti 5 za kwanza za data zinasomeka sawa, kuanzia ya 6 laptopu inaruka biti. Kikomo ni kama asilimia 5 kwa pande zote mbili pamoja.

Na lile jaribio la waya? Kompyuta ilikuwa inajisikiliza kwa saa yake yenyewe. Lazima ikubaliane nayo! Jaribio hilo hupima waya na chipu, halipimi mwendo.

Tumeweka laptopu kwenye 125000, maana adapta yake inakubali, na herufi zimetoka safi. Kristali sahihi itafuata. Adapta haikuwa na kosa lolote.

Tuonane wiki ijayo, Mungu akipenda.