Farasi aliyeiuza Manchester United

Jumapili ya 11 Mei 2025, saa kumi na robo alasiri, kibanda umiza kimoja cha Ilala kilikuwa kimefurika hadi mlangoni. Man U anacheza na West Ham, tena nyumbani. Kipenga cha mwisho kilipolia, wageni walikuwa wanaondoka na mabao mawili kwa bila, na mwenye kibanda akahamia mechi ya Liverpool na Arsenal bila kuombwa na mtu. Kesho yake ikatimia miaka 20 tangu familia ya Glazer iikamate klabu hiyo. Pale kibandani hakuna aliyeitaja tarehe. Swali lililotajwa ni lile lile la kila wanapofungwa: hawa watu watauza lini?

Nilikwenda kumuuliza fundi saa mmoja wa Kariakoo, mzee ambaye chini ya meza yake kuna boksi la viatu lililojaa vipande vya magazeti, kimoja kimoja kimekunjwa mara nne. Sehemu kubwa ya makala haya imetoka katika boksi hilo na katika kinywa chake, na kama mizani imeelemea upande wa farasi, lawama ni zake.

"Mwanangu," aliniambia kabla sijakaa vizuri, "kila mtu anasema Glazer alinunua. Kununua kila mtu anataka, hata mimi. Wewe uliza nani aliuza, na alikuwa amekasirikia nini."

Turudi nyuma kidogo. Klabu ilianzishwa mwaka 1878 na wafanyakazi wa reli wa Newton Heath. Mwaka 1902 ilikuwa inafilisika, mwenye kiwanda cha bia John Henry Davies akaiokoa na ikapata jina la Manchester United. Miaka ya 1930 ikayumba tena, akaja mshona sare James Gibson. Miaka ya 1960 mfanyabiashara wa nyama, Louis Edwards, akazikusanya hisa kidogo kidogo, na mwaka 1980 mwanawe Martin akashika kiti cha baba yake. Kwa hiyo ile hadithi ya klabu ya wananchi iliyokuja kuporwa na matajiri tuipokee kwa tahadhari. Tajiri alikuwepo siku zote. Tofauti ni kwamba Davies na Gibson waliingiza hela mfukoni mwa klabu.

Martin Edwards alijaribu kuuza zaidi ya mara moja. Mwaka 1984 alizungumza na Robert Maxwell, wakashindwana bei. Agosti 1989 akakubaliana na Michael Knighton kwa pauni milioni 20, na huyu bwana, siku ya mechi na Arsenal, akavaa jezi, akaingia uwanjani akipiga danadana mbele ya jukwaa, kisha akafumania nyavu tupu. Watu wakashangilia. United wakashinda 4-1. Wiki chache baadaye ikajulikana kuwa mpango wa fedha haujakaa sawa, na mauzo yakafa. Mwaka 1991 klabu ikaingizwa kwenye soko la hisa la London, na hapo ndipo mlango ulipofunguliwa: mwenye pauni chache angeweza kununua hisa moja na kuitundika sebuleni, na mwenye mamilioni angeweza kununua zote.

Wa kwanza kujaribu zote alikuwa Rupert Murdoch. Mwaka 1998 kampuni yake ya televisheni, BSkyB, ilitoa pauni milioni 623 na bodi ikakubali. Mashabiki wakajipanga, wenye hisa na wasio na hisa, wakaandika barua, wakawabana wabunge, na Aprili 1999 serikali ikayazuia mauzo. Hilo ndilo pambano kubwa la mwenye klabu ambalo mashabiki wa Old Trafford wameshinda, na ajabu ni kwamba Mzee analipita kwa sentensi moja. Mkono wake tayari unatafuta kipande kingine.

Ni picha ya farasi.

Rock of Gibraltar alizaliwa mwaka 1999. Alifundishwa Ireland na Aidan O'Brien na alitoka katika himaya ya John Magnier, mwenye mashamba ya farasi ya Coolmore, ambako fedha halisi haipatikani katika mbio bali baada ya mbio, farasi dume anapostaafu na kuanza kupandishwa kwa majike. Magnier na mwenzake JP McManus walikuwa rafiki wa Alex Ferguson, kocha wa United, mtu aliyependa farasi kuliko pengine kitu chochote nje ya mpira. Farasi huyu akawa anakimbia kwa jina na rangi za Ferguson. Na alikimbia! Kati ya Oktoba 2001 na Septemba 2002 alishinda mbio saba mfululizo za daraja la juu kabisa, jambo ambalo halikuwahi kufanyika Ulaya. Wakati huo huo Magnier na McManus walikuwa wananunua hisa za United. Ferguson alikuwa na farasi bingwa na wenye hisa wakubwa walikuwa maswahiba wake. Kocha gani asingelala usingizi?

Farasi akastaafu mwishoni mwa 2002. Ada ya kupandisha jike mmoja ilitangazwa kuwa yuro 65,000, na dume wa namna hiyo hupandishwa kwa majike zaidi ya mia kwa mwaka. Piga hesabu mwenyewe. Ferguson aliipiga. Alisema nusu ya farasi ni yake, kwa hiyo nusu ya ada ni yake. Magnier akajibu kwamba walichokubaliana ni nusu ya zawadi za mbio, basi. Hakukuwa na mkataba wa maandishi uliolimaliza jambo, na Novemba 2003 kocha akafungua kesi Dublin dhidi ya mtu ambaye, pamoja na mwenzake, alikuwa anaelekea kumiliki karibu asilimia 30 ya klabu iliyomwajiri.

Hapa Mzee hutua kibano chake. Kwake hii ndiyo siku klabu ilipouzwa, yale mengine ni karani kujaza fomu.

Januari 2004 Magnier na McManus waliiandikia bodi ya United barua yenye maswali 99. Waliuliza juu ya usajili wa wachezaji, juu ya malipo ya mawakala, juu ya nani alilipwa nini na kwa kazi gani. Mambo ya ndani ya klabu yakawa yanasomwa magazetini asubuhi kwa asubuhi. Mashabiki waliokuwa upande wa kocha wakavamia mbio za farasi pale Hereford, wakatishia kwenda pia Cheltenham, mpaka Ferguson mwenyewe akawaomba waache. Machi 2004 pande mbili zikamalizana nje ya mahakama. Magazeti yaliandika kwamba kocha aliondoka na pauni milioni 2.5.

Kesi ikaisha lakini urafiki haukurudi. Wenye karibu theluthi moja ya klabu sasa hawakuwa na sababu ya kukaa nayo, na nje mlangoni alikuwa amesimama Mmarekani mwenye ndevu nyekundu.

Malcolm Glazer, na hapa Mzee hutabasamu kwa uchungu, alikuwa mtu wa saa. Alizaliwa Rochester, jimbo la New York, katika familia ya wahamiaji kutoka Lithuania. Baba yake alipofariki, yeye akiwa na miaka 15, alirithi kazi ya kuuza vipuri vya saa. Baadaye akaingia kwenye viwanja vya nyumba za kuhamishika, majengo ya maduka, na mwaka 1995 akanunua timu ya mpira wa Kimarekani ya Tampa Bay Buccaneers kwa dola milioni 192. "Fundi mwenzangu," anasema Mzee, "lakini mimi sijawahi kununua saa ya mtu kwa hela ya mtu yule yule."

Maana ndivyo ilivyofanyika. Tarehe 12 Mei 2005 Magnier na McManus waliuza hisa zao zote, asilimia 28.7, kwa pence 300 kila moja. Glazer akavuka nusu ya klabu siku hiyo hiyo, na siku chache baadaye akafika robo tatu. Klabu nzima ilithaminiwa pauni milioni 790, na zaidi ya milioni 500 za hizo zilikuwa mikopo. Klabu iliyokuwa haidaiwi ikaamka inalipa riba ya deni la kujinunua yenyewe. Tangu hapo magazeti ya Uingereza yamejumlisha riba, ada na gawio, na kupata zaidi ya pauni bilioni moja.

Watoto watatu wa Malcolm, Joel, Avram na Bryan, walikwenda kuuona uwanja Juni 2005. Nje walikutana na mamia ya watu wenye hasira, na usiku wakatolewa ndani ya magari ya polisi. Baba yao alifariki mwaka 2014 bila kuonekana Old Trafford hata siku moja.

Mashabiki waliochoka kabisa walianzisha klabu yao, FC United of Manchester, mwaka ule ule wa 2005: kila mwanachama kura moja, awe na hela au hana. Nilipomsomea Mzee habari hiyo aliinua kadi yake ya Simba akanionyesha, kana kwamba Waingereza wamegundua leo kitu alichonacho yeye siku nyingi. Na kweli. Mwaka 2017 Simba ilipofika mahali pa kumkaribisha mwekezaji, walioitwa ukumbini walikuwa wanachama, na kanuni za serikali zikawabakishia asilimia 51. Tunagombana sana katika mikutano yetu, viti vimewahi kuruka, lakini angalau kuna mkutano wa kugombania.

Mwaka 2010 ikaja kampeni ya skafu za kijani na dhahabu, rangi za Newton Heath. Hata David Beckham, aliyekuja na Milan, aliivaa moja akitoka uwanjani. Mpwa wake Mzee alimletea ya kwake. Ipo ndani ya boksi, haijawahi kuvaliwa. "Nampinga Glazer, ndiyo. Lakini rangi za watani wetu wa Jangwani mimi sivai."

Yaliyobaki ni mafupi. Hisa chache zikauzwa New York mwaka 2012, ila za familia zina kura kumi kila moja. Oktoba 2022 Rock of Gibraltar alikufa, akiwa na miaka 23. Mwezi uliofuata Glazer wakatangaza kwamba wako tayari kusikiliza wanunuzi, na vijiwe vikagawanyika. Wapo waliomtaka Sheikh Jassim wa Qatar, aliyeahidi kuchukua klabu yote na kufuta deni. Wapo waliosema hiyo ni kutoka mikononi mwa familia na kuingia mikononi mwa nchi, afadhali Jim Ratcliffe, mtoto wa Failsworth. Walibishana karibu mwaka mzima kama vile watapiga kura. Jassim akajitoa, Ratcliffe akapata robo na kidogo kwa dola 33 kila hisa pamoja na usimamizi wa mpira, na Joel na Avram wakabaki wenyeviti. Machi 2025 ukatangazwa mpango wa uwanja mpya wa watu 100,000 kandokando ya ule wa 1910. Ligi ikaisha wakiwa nafasi ya 15.

Juu ya meza ya Mzee pamebandikwa karatasi iliyofifia: saa isiyofuatwa ndani ya miezi mitatu itauzwa. Nilimuuliza kama huenda Glazer nao wana karatasi kama hiyo.

"Ile wenyewe wanaifuata kila wiki, mwanangu," akasema, akirudisha lenzi jichoni. "Ila hawana risiti."