Gretzky Alipouzwa: Jinsi Hoki ya Barafu Ilivyopelekwa Nchi ya Joto

Wengi wetu tulioshika magongo shuleni tulicheza hoki ya nyasi. Hoki ninayoieleza hapa ni nduguye wa nchi za baridi. Huchezwa juu ya barafu, wachezaji wakiwa wamevaa viatu vyenye vyuma vikali chini ya soli, na badala ya mpira wa mviringo hupiga kisahani cheusi cha mpira mgumu. Historia yake yajibu swali linalozuka kila tunapozungumzia michezo: je, mchezaji mmoja hodari akinadiwa ipasavyo, aweza kuukuza mchezo mzima?

Tangu 1942 hadi 1967 ligi kubwa ya mchezo huo, NHL, ilikuwa na timu sita tu, zote za miji ya baridi ya Kanada na Marekani. Mwaka 1967 ziliongezwa timu sita nyingine, mbili kati yake zikiwa California, Los Angeles na Oakland. Ya Oakland ilishindwa kupata watazamaji, ikahamishwa mwaka 1976. Ya Los Angeles ilibaki, lakini wenyeji wa mji ule wa jua hawakuijali sana.

Wa kwanza kutumia nyota kama tangazo la ligi nzima walikuwa washindani wa NHL. Mwaka 1972 ligi mpya iliyoitwa WHA ilimchukua Bobby Hull, mfungaji mashuhuri wa Chicago, akachezee Winnipeg. Alipewa dola milioni moja za kutia sahihi, na timu nyingine za ligi hiyo zilichangia fedha hizo. Kwa nini zimlipie mchezaji wa mwenzao? Kwa sababu zilijua kwamba jina la Hull litawavuta wachezaji na watazamaji kwa faida ya wote. Ligi hiyo ilikufa mwaka 1979, lakini timu zake nne, zikiwemo Winnipeg na Edmonton, zilipokelewa NHL.

Edmonton iliingia na kijana Wayne Gretzky, aliyezaliwa Ontario mwaka 1961. Pamoja naye ilitwaa Kombe la Stanley mara nne: 1984, 1985, 1987 na 1988. Kisha, tarehe 9 Agosti 1988, mwenye timu, Peter Pocklington, alimuuza kwa Los Angeles. Edmonton ilipata dola milioni 15, wachezaji wawili, na haki ya kuchagua chipukizi wa miaka ya mbele. Gretzky alilia mbele ya waandishi wa habari. Kanada nzima ilihuzunika, hata mbunge mmoja akataka serikali izuie mauzo hayo.

Mnunuzi, Bruce McNall, alijua kunadi. Mavazi ya timu yalibadilishwa kutoka zambarau na dhahabu yakawa meusi na fedha. Waigizaji wa sinema walianza kuonekana ukumbini. Mwaka 1991 timu ilicheza mchezo wa maandalizi Las Vegas, nje ya hoteli, kwenye barafu iliyotengenezwa katikati ya jangwa! Matajiri wengine waliona kwamba hoki yaweza kuuzika penye joto. San Jose ilipata timu mwaka 1991, Tampa 1992, na Anaheim, Miami na Dallas mwaka 1993. Mwaka huo huo Los Angeles ilifika fainali kwa mara ya kwanza, ikafungwa na Montreal.

Hata hivyo, tusihesabu faida pekee. McNall alifungwa gerezani kwa udanganyifu wa fedha za mabenki, na timu yake ikafilisika mwaka 1995. Edmonton ilitwaa kombe tena mwaka 1990 bila Gretzky. Mishahara ilipopanda, miji midogo ya Kanada ililemewa: Quebec ilipoteza timu yake mwaka 1995, na Winnipeg mwaka 1996. Ile ya Winnipeg ilihamia Phoenix, katika jangwa la Arizona. Huko Gretzky mwenyewe alikuwa mmoja wa wenye timu, na tangu 2005 hadi 2009 akawa kocha wake. Jina lilikuwa lile lile, lakini timu ilifilisika mwaka 2009, na mwaka 2024 ligi iliondoka Arizona kabisa.

Basi, je, kazi ile ilipotea bure? La hasha. Auston Matthews alikulia Arizona akiitazama timu ile ya Phoenix na kujifunza kuteleza katika viwanja vya barafu vya huko. Mwaka 2016 alichaguliwa wa kwanza kati ya chipukizi wote wa NHL, akaenda Toronto. Mtoto wa jangwani akawafundisha Wakanada kufunga mabao!

Jibu la swali letu ni hili: nyota huwaleta watu mlangoni, lakini kinachowabakiza ni uwanja, vifaa na mwalimu. Nasi wahitimu tukumbuke hayo kila tunapochanga fedha kwa michezo ya shule. Mgeni mashuhuri wa siku moja hupigiwa makofi, akaenda zake. Magongo ishirini na mwalimu mwenye moyo hubaki na watoto mwaka mzima.