Gharama Ndiyo Mwamuzi

Mkulima wa Dranya, wilayani Koboko, apelekapo muhogo wake sokoni huikuta bei imekwisha kuamuliwa na wingi wa muhogo wa wenziwe. Lililo chini ya mamlaka yake ni gharama tu: mbegu, jembe, na siku alizozitumia shambani. Sheria hiyo hiyo imeitawala, kwa zaidi ya miaka 50, biashara ya chipu za kumbukumbu, yaani vile vipande vya silikoni vihifadhivyo habari ndani ya simu na kompyuta.

Chipu ya kawaida ya kiwanda kimoja yaweza kushika mahali pa ile ya kiwanda kingine. Kwa hiyo mnunuzi hutazama bei. Chipu nyingi hutengenezwa kwa pamoja juu ya sahani moja ya silikoni. Zilizo mbovu hutupwa, lakini gharama yake hubebwa na zilizo nzima. Apataye nzima nyingi zaidi katika kila sahani ndiye awezaye kupunguza bei na bado akabaki na faida.

Kampuni ya Intel ya Marekani ilitoa chipu yake mashuhuri, 1103, mwaka 1970. Miaka kumi baadaye, kampuni ya Hewlett-Packard ilitangaza kwamba chipu za Kijapani ilizozipima zilikuwa na kasoro chache mno kuliko za Kimarekani. Mwaka 1985, bei zilipoporomoka, Intel iliamua kuiacha biashara hiyo. Wajapani nao hawakudumu kileleni. Samsung ya Korea ya Kusini, iliyoingia mwaka 1983, ilistahimili hasara na kuendelea kujenga viwanda. Katika miaka ya 1990 ikashika nafasi ya kwanza duniani. Qimonda ya Ujerumani ilifilisika mwaka 2009, na Elpida ya Japani mwaka 2012.

Hata hivyo, ukubwa peke yake si ngao. Mwaka 2023 bei zilianguka tena, na idara ya chipu ya Samsung ikapata hasara ya karibu trilioni 15 za won, fedha ya Korea. Mwaka uliofuata idara hiyo ilipata faida ya karibu trilioni 15. Lakini jirani yake, SK Hynix, ambayo nayo ilikuwa imepata hasara mwaka 2023, ilipata zaidi ya trilioni 23. Ilikuwa imetangulia katika chipu zinazopangwa moja juu ya nyingine, zihitajiwazo na mitambo ya akili bandia, na ambazo wanunuzi hawakuzipata kwa urahisi kwingineko.

Wanaowahimiza wakulima wa West Nile kuzidisha mavuno hawana budi kulitafakari jambo hili. Mavuno mengi yaliyopatikana kwa gharama kubwa huharakisha ufukara siku bei inaposhuka; na bidhaa isiyotofautiana na ya jirani haimpi mwenyewe sauti sokoni. Mkulima asiyejua gunia lake limemgharimu kiasi gani hawezi kujua kama ameuza au ametoa sadaka.