Walichukua mfungo, wakaacha mfunguo

Mnamo Aprili 7, 1498, merikebu za Vasco da Gama zilitia nanga nje ya Mombasa. Ilikuwa Jumamosi, mkesha wa Dominika ya Matawi. Shajara ya safari hiyo inasimulia kwamba mabaharia walifika na furaha tele, maana walikuwa wameambiwa mjini mna Wakristo, nao wakatarajia kushuka kesho yake wasali misa pamoja nao. Misa yenyewe haikuwapo. Kulikuwa na kushukiana na vurugu za usiku, na kufikia Ijumaa Kuu merikebu zilikuwa zimeng'oa nanga. Pasaka ya Aprili 15 iliwakuta Malindi.

Basi mwaka wa Kanisa ulifika pwani yetu kabla ya padri yeyote kujifunza neno la Kiswahili. Wareno walikaa hapa takriban miaka mia mbili, wakatuachia meza, leso, bendera na karata. Kanisa lenyewe, igreja kwa lugha yao, lilitoa neno moja linalojulikana na kila Mkenya: gereza. Lugha haina adabu wakati mwingine.

Walioleta mwaka huo kwa mara ya pili ni wamisionari wa karne ya 19. Mapadri Wafaransa walifika Unguja mwaka wa 1860, na Shirika la Roho Mtakatifu likafungua misheni ya Bagamoyo mwaka wa 1868. Huku kwetu Waitalia wa Consolata waliingia nchi ya Wakikuyu mwaka wa 1902. Walipotaka kuwaeleza watu vipindi vya Kanisa hawakukuta ukurasa mtupu. Walikuta lugha ambayo tayari ilikuwa na mwaka wa ibada, tena uliopangwa kwa namna ambayo, kwa maoni yangu, Wakatoliki wangefaidika sana kuitazama kwa makini.

Muulize mzee wa Lamu au wa Mji wa Kale miezi ya Kiislamu kwa hesabu ya Kiswahili. Hataanzia Muharamu. Ataanzia mwezi unaofuata Ramadhani, na atauita Mfunguo Mosi. Kisha Mfunguo Pili, Mfunguo Tatu ambao ndio mwezi wa Hija, hadi Mfunguo Sita wa Maulidi, na kuendelea mpaka Mfunguo Tisa. Hapo hesabu inakatika, yanakuja majina matatu: Rajabu, Shaabani na Ramadhani. Tisa na tatu, kumi na mbili. Mwarabu hahesabu hivi. Hii ni kazi ya Waswahili wenyewe.

Tazama walichofanya. Walichagua kuhesabu tangu siku ya kufungua, wala si tangu siku ya kufunga. Mwezi wa saumu una jina lake na heshima yake, lakini miezi tisa mizima inabeba kumbukumbu ya siku ile watu walipokula mchana, wakavaa nguo mpya na kupeana mkono wa Idi. Siku hizi wengi hutamka Mfungo Mosi, silabi moja imemezwa. Utadhani ni kosa dogo la ulimi, ila maana imepinduka kabisa: mwezi wa kufungua umeitwa mwezi wa kufunga.

Sasa rudi kwa Wakatoliki. Kitenzi kufunga walikichukua bila taabu, na hadi leo padri akisema tufunge hakuna anayehitaji tafsiri. Lakini majina ya vipindi vyenyewe yaliingia yakiwa yamefungwa kama mzigo wa posta. Kwaresima ni quadragesima ya Kilatini, yaani ya arobaini. Wareno huiita Quaresma na Waitalia Quaresima. Pentekoste ni Kigiriki, nayo maana yake ni ya hamsini. Pasaka ni Kiebrania kilichopitia Kigiriki na Kilatini. Noeli ni sauti ya Kifaransa. Mkristo wa Roma ya kale alipotamka quadragesima alisikia namba ndani yake, jinsi sisi tunavyosikia tatu ndani ya Jumatatu. Mkristo wa Machakos husikia Kwaresima tu.

Neno moja lilipona: Majilio. Hili halikukopwa, lilitafsiriwa, na aliyelitafsiri alikuwa na sikio zuri. Ja, jia, jilia: kumjia mtu kwa ajili yake. Nao umbo lake ni la ngeli ya ma-, ngeli ya vitu vingi. Mtakatifu Bernardo wa Clairvaux, katika karne ya 12, aliwafundisha watawa wake kwamba Bwana huja mara tatu: alikuja katika mwili, huja moyoni mwa anayempokea, na atakuja mwisho wa nyakati. Adventus ya Kilatini iko katika umoja. Majilio yetu, ukitaka, yanamtosha Bernardo bila kuongeza neno. Katekista anayejua hili ana mahubiri ya wiki nne mkononi.

Siku za juma nazo zilizua kazi. Jumapili maana yake ni siku ya pili baada ya Ijumaa, ilhali Injili inasema Bwana alifufuka siku ya kwanza ya juma. Mtoto mwerevu wa katekisimu lazima aulize: mwalimu, ya kwanza ama ya pili? Wakatoliki wakaingiza Dominika, siku ya Bwana, na ninadhani walifanya vyema. Ila jibu lilikuwa limelala ndani ya lugha yenyewe. Alhamisi ni ya tano kwa Kiarabu. Ukihesabu ya tano kurudi nyuma, ya kwanza ni Jumapili. Kiswahili kina juma mbili kichwani kwa wakati mmoja, ndiyo maana Jumatano ni ya tano na Alhamisi, siku inayofuata, ni ya tano vilevile. Kwa hiyo Alhamisi Kuu, bila kujisifu, inashuhudia kila mwaka kwamba Dominika ni ya kwanza.

Lakini hasara kubwa iko kwenye arobaini na hamsini. Hebu tufanye hesabu. Kutoka Jumatano ya Majivu hadi Jumamosi Kuu ni siku 46. Toa Dominika sita, zinabaki 40. Dominika hutolewa kwa sababu Kanisa halikukubali kamwe watu wafunge siku ya ufufuko, hata katikati ya Kwaresima. Yaani mfungo wenyewe umetobolewa mara sita ili hewa ipite. Kisha, kuanzia Dominika ya Pasaka hadi Pentekoste, ni siku 50. Furaha imepewa siku kumi zaidi ya toba. Hilo halikutokea kwa bahati.

Tertuliano wa Karthago, mwanzoni mwa karne ya 3, aliandika kwamba Wakristo hawafungi wala hawapigi magoti siku ya Bwana, na kwamba hali hiyo huendelea tangu Pasaka hadi Pentekoste. Mtaguso wa Nikea mwaka wa 325 ulitunga kanuni juu ya jambo hilohilo: siku hizo watu wasali wamesimama. Mwili ulifundishwa ufufuko kwa kusimama siku hamsini mfululizo.

Baadaye magoti yalirudi, na zile hamsini zikaanza kuyeyuka. Katika kalenda ya Kilatini waliyoitumia babu zetu, Dominika zilizofuata ziliitwa za baada ya Pasaka, kana kwamba sherehe imekwisha na viti vinakusanywa. Mshumaa wa Pasaka ulizimwa siku ya Kupaa Bwana, siku kumi kabla ya Pentekoste. Mtaguso wa Pili wa Vatikano uliagiza liturujia ipangwe upya, na kalenda iliyotangazwa mwaka wa 1969 ikabadilisha kitu ambacho mwalimu wa sarufi angekishangilia. Waliondoa neno baada. Leo ni Dominika ya Pili ya Pasaka, ya Tatu ya Pasaka, hadi ya Saba. Hizo hamsini ni sikukuu moja, si msururu wa siku zilizobaki, na mshumaa unawaka mpaka Pentekoste.

Kalenda imesahihishwa, mazoea bado. Kwaresima nchini Kenya ina kila kitu: majivu, Njia ya Msalaba kila Ijumaa, michango, kijitabu cha kampeni ya maaskofu kinachosomwa jumuiyani wiki baada ya wiki. Mwumini ataieleza bila kusita. Muulize basi afanye nini katika wiki ya nne ya Pasaka. Atakutazama. Pentekoste nayo, tofauti na Kwaresima, imepata maana nyingine mtaani. Ukimwambia mtu wewe ni wa Pentekoste atakuuliza kanisa lenu liko wapi.

Sababu nyingine iko mbinguni, namaanisha mawinguni. Pasaka huangukia kati ya Machi 22 na Aprili 25, na huko ilikozaliwa ni majira ya kuchipua. Kwetu ni masika. Kwaresima hukuta ardhi kavu, watu wana nafasi ya kusali na hata njaa yenyewe inasaidia kufunga. Siku hamsini zinaangukia kwenye palizi. Mkulima wa Kakamega hana muda wa sherehe ya wiki saba. Lakini nani alisema furaha ni ya wasio na jembe? Mahindi yanayofika magotini mwezi wa Mei yanahubiri ufufuko vizuri kuliko wengi wetu.

Mwaka wa 2025 Ramadhani na Kwaresima zilianza karibu pamoja, mwanzoni mwa Machi. Waislamu na Wakatoliki wa Mombasa walifunga ubavu kwa ubavu. Mwishoni mwa Machi Idi ikafika na Mfunguo Mosi ukaanza kuhesabiwa, na miezi minane mingine ya jina hilo ikawa inangoja nyuma yake. Pasaka ilikuja Aprili 20. Jumatatu ikawa likizo, na Jumanne wengi walirudi kazini wakisema Pasaka imepita.

Ilikuwa na siku 48 zaidi. Mshumaa uliwashwa misa baada ya misa hadi Juni 8, kisha, kama kanuni inavyoagiza, ukaondolewa altareni na kuwekwa karibu na kisima cha ubatizo. Huko huwashwa mtoto anapobatizwa. Huletwa tena mbele siku ya maziko, ukasimamishwa kando ya jeneza.